Engrazi wa Otsolarre, Uliyewashinda Maksai kwa Kitabu

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliponyamaza, Engrazi, wewe ambaye hata ukiwa na homa ulikuwa ukizungumza na dari. Mwaka mzima! Na bado gari dogo likikohoa kwenye kilima cha kijiji chetu, Urbeltza, lazima mmoja wetu aseme, "Huyo amefika, bandikeni kahawa." Kisha tunatazamana, na kahawa tunaibandika hivyo hivyo, tunakunywa sisi.

Wenye magazeti walikuandika vizuri. Walisema riwaya saba, miaka arobaini ya uandishi wa habari, maonyesho ya vitabu, madarasa ya jioni kwa kina mama waliokatazwa shuleni kusema lugha yao. Yote kweli, na tuliyakata tukayabandika ukutani. Lakini hawakusema kwamba ulivaa soksi mbili zisizojuana. Hawakusema kwamba ulichomeka penseli kwenye nywele ukaitafuta nyumba nzima, ukimshuku paka. Hayo ni ya kwetu, na ndiyo tunayoyakosa.

Tunakumbuka jinsi ulivyofanya kazi. Ulikuwa humsomei mtu asiye na kisu mkononi. Ulimkalisha mwenzio na viazi, au maharage, au vitunguu, nawe ukasoma kurasa zako mpya kwa sauti huku ukiangalia kisu, si uso. Kisu kikisimama, ukurasa ni mzuri. Kisu kikiendelea, unauchana hapo hapo na kuutia motoni.

"Engrazi," mama alikuwa akikwambia, "leo nina haraka. Soma vibaya, mwanangu, tupate kula mapema."

Na vitendawili! Wewe na dada yako Bixenta mlitegana mkikamua, kila mmoja chini ya ng'ombe wake, hamuonani, mnasikiana tu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mama yangu hana miguu, hajawahi kutoka nje, na watoto wake wote wanaitwa kwa jina lake."

Hicho ulishindwa, Engrazi, ukampa Bixenta mji, na jibu lilikuwa nyumba. Ukajipiga kofi la paji la uso kwa mkono wenye maziwa. Maana kwetu nani asiyejua? Hakuna anayekuuliza jina la baba yako, wanauliza nyumba yako. Ulikuwa Engrazi wa Otsolarre ulipozaliwa, na hata ulipopewa nishani mjini Donostia, wazee wa Urbeltza walisema, "Otsolarre kapewa nishani." Kana kwamba mawe ndiyo yaliyoandika.

Kazini ulianzia ukurasa wa ndama na vifo. Watu walifungua gazeti kujua soko, wakabaki kwa sababu ya namna ulivyoeleza habari za marehemu, kila mmoja na kicheko chake na ugomvi wake. Baadaye ulipoanza kupeleka vitabu kwenye nyumba za kunywea mvinyo wa tufaha, hakuna kijana wa hapa aliyekukwepa. Ulikuwa na ujanja wako. Ulimuuliza mtu kwa upole kabisa, "Mwanangu, Jumamosi una kazi?" Aliyejibu hapana amekwisha. Saa mbili asubuhi kabeba meza, saa tatu yuko juu ya ngazi anafunga waya wa spika, na jioni anakushukuru!

Lakini yote hayo yasingekuwapo, na wengi wenu mnaosoma hapa hamjui. Nusura yafie mezani petu, vuli ile ya mwaka sabini na nane. Basi tuseme, mradi mzee Joanes, baba yako, mwenyewe alikuwa akiyasimulia kwa furaha kuliko mtu mwingine yeyote.

Gazeti jipya la lugha yetu lilikuwa likifunguliwa Donostia, nao wakakuita. Ulikuwa msichana bado, na riwaya yako ya kwanza ilikuwa rundo la karatasi lililofungwa kwa kamba ya aproni. Ulirudi nyumbani mbio, mashavu mekundu, ukasema habari kabla ya kusalimia. Baba akaendelea kukata mkate.

"Mrithi wa Otsolarre haendi mjini kuuza maneno," akasema.

Kwetu nyumba haikatwi vipande kama jibini. Mtoto mmoja hupewa yote, paa, malisho, ng'ombe na deni la kuwaombea waliokufa, na wengine hutafuta njia zao. Baba alikuwa amekuchagua wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye akili. Bixenta alikuwa mkubwa, ila mtulivu, na mtulivu hasikiki. Tena alikuwa akizungumza na Matxin, mchoma makaa, kijana asiye na nyumba. Baba hakumruhusu avuke kizingiti. Matxin alikuja kila Jumapili akasimama getini, Bixenta akampelekea supu, wakasemezana hapo, mvua ikinyesha kwenye bakuli.

"Baba," ukasema, "hata hujajua kama kuna mtu atakayetaka kusikia ninachoandika."

"Najua. Hakuna."

"Na nikikuonyesha?"

Hapo baba akaacha kisu. Mzee yule alipenda dau kuliko chumvi. "Usinipotezee muda. Weka dau lako."

Mkapatana mbele ya Bixenta na mama. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, baba angekokotesha jiwe, mchezo wa sikukuu zetu, uwanja wa kanisa kwa maksai wake wawili, Moro na Pinto, ambao watu walitoka bonde la tatu kuja kuwatazama. Saa hizo hizo wewe ungesoma kitabu chako kwenye uwanja wa mpira wa ukuta, ule wenye paa, hatua chache tu kutoka hapo. Kengele ya sala ya jioni ikilia, Axun mwenye nyumba ya mvinyo angetazama wapi pana watu zaidi. Axun alikuwa mwamuzi wa madau yote ya Urbeltza, mama asiyemwonea mtu wala kumhurumia.

"Ukishindwa," baba akasema, "unabaki, unaolewa hapa, na kalamu ni ya kuandikia majina ya ndama."

"Nikishinda, naondoka na basi la asubuhi, nawe hununi."

"Kununa nitanuna. Hilo haliko kwenye dau."

Mkashikana mikono juu ya mkate. Na mkono ukishashikana kwetu, hata askofu haubandui.

Siku ikafika, na manyunyu yake. Baada ya misa watu wote wakamiminika kulipo jiwe. Wote! Ulipoingia uwanja wa mpira ulimkuta Bixenta, ambaye Axun alikuwa amemwomba agawe mvinyo na kuosha vikombe kwenye beseni. Ulimkuta Axun mwenyewe, kwa kuwa mwamuzi lazima awepo. Na vikongwe wawili, Praxku na Erramuna, waliokuja na kikapu cha maharage ya kuambua, si kwa ajili yako, kwa ajili ya paa.

Ukafungua kamba ya aproni. Ukaanza. Huko nje kelele za "Haya, Moro! Haya, Pinto!" zikakufunika mara ya kwanza, mara ya pili, na Bixenta akainamia beseni ili usimwone machozi. Alijua kinachosomwa pale si kitabu tu. Ni wewe kwenda au kubaki.

Ukasoma. Habari yenyewe ilikuwa ya mzee Ganix, anayeumwa kitandani na ufunguo wa nyumba chini ya mto, na hajamtaja mrithi. Kornelio, mwanawe, amerudi kutoka Marekani alikochunga kondoo, ana jino la dhahabu na madeni. Agustina, binti yake, ni mwalimu, ana maneno kama wembe. Wanagombana mchana kutwa juu ya kichwa cha mgonjwa. Tena yupo Ximona, binti mwingine, analeta supu, anachukua bakuli tupu, anatoka.

Kabla hujamaliza sura ya pili, Praxku akasimamisha mkono juu ya maharage. "Nyumba atapewa Kornelio."

"Yule mlevi?" akasema Erramuna. "Nyumba ni ya Agustina."

"Mwanamume ni mwanamume."

"Na pipa ni pipa. Nakuwekea kuku mmoja."

"Kuku wako wamenyonyoka! Mimi naweka wawili, wanaotaga."

Axun akashtuka, akainuka. "Dau limewekwa," akasema kwa sauti yake ya uamuzi, na ile sauti, Engrazi, ilitoka nje ya ule uwanja kama harufu ya nyama choma!

Hilario fundi viatu akachungulia, kofia inachuruzika. "Dau gani?"

"La mrithi."

"Karithi nani?"

"Hajasema bado. Ndiyo maana ni dau, bongo lala wewe. Ingia, funga mdomo."

Hilario akasikiliza kidogo, akaweka jozi ya viatu kwa Kornelio, akatoka mbio kumwita kaka yake. Kaka akaja na shemeji. Shemeji akaja na nusu ya waliosimama mlangoni mwa kanisa. Mtu wa Urbeltza anaweza kukaa bila mkate, hawezi kukaa nje ya dau.

"Anza tena, Engrazi!"

"Sianzi! Waliochelewa waulizane!"

Na kweli wakaulizana, kwa minong'ono iliyofanana na mizinga ya nyuki, na waliosimuliwa wakawasimulia wengine, kila mtu akimtetea wake. Kila ukifungua sura mpya madau yanapanda. Jibini. Jembe. Mtungi wa asali. Mtu wa kinu akaweka gunia la unga kwa Agustina, kisha Agustina akamjibu baba yake vibaya, mtu wa kinu akashika kichwa: "Sasa hilo nalo lilikuwa la kusema?"

Wakamwendea Bixenta kwenye beseni. "Binti wa watu, wewe ni ndugu yake, umekisoma. Usiseme kitu. Nipigie jicho tu. La kushoto Kornelio, la kulia Agustina."

"Sijui," akasema Bixenta. "Mwisho hakunisomea."

"Hakukusomea wewe?"

"Hakunisomea. Viazi vyote nimemenya mimi, na mwisho kauficha."

Mwingine akakujia wewe, ulipokuwa ukinywa maji. "Engrazi, mwanangu, mpe Agustina nyumba, nikupe jibini zima la kondoo."

"Liko wapi?"

"Kwa hiyo unampa?"

"Hapana. Nina njaa."

Tulicheka! Lakini Bixenta hakuwa akicheka, alikuwa akitega sikio nje. Kelele za "Haya, Moro" zilikuwa zimepungua. Zikawa za watu wachache. Kisha ikabaki sauti moja, ya baba, inayowahimiza maksai wasiotazamwa na mtu.

Mwishowe akaja. Aliingia na fimbo yake ya kuchokolea, amelowa hadi mifupani, mchafu wa tope, macho yanawaka. "Kumetokea nini humu? Ukuta umeanguka?"

"Kaa chini, mzee Joanes," akanong'ona Hilario. "Kornelio kamtukana baba yake."

"Kornelio wa nyumba gani?"

"Wa kitabuni."

"Na baba kanyamaza?"

"Anaumwa."

"Kuumwa ndiyo kunyamaza? Mgonjwa hana ulimi?" Akakaa. Akasikiliza, fimbo magotini. Ukamwona, Engrazi, na kwa mara ya kwanza siku ile ukakosea mstari. Ukaurudia. Alipomsikia Agustina akipiga hesabu za shamba vizuri kuliko mwanasheria, baba akapiga fimbo chini.

"Huyo! Mwenye akili ndiye mrithi. Axun, niandike. Naweka kengele ya Moro."

Uwanja mzima ukasema "Aa!" Kengele ile aliitoa shingoni mwa Moro siku za mashindano tu, ili isichubuke, na hakuwahi kumwachia mtu aiguse.

Ulikuwa umebakiza kurasa mbili kengele ya sala ilipolia. Ganix alikuwa anahema. Axun akasimama, kazi yake ni kazi. "Kengele imelia! Nahesabu waliopo..."

"Nyamaza, mama! Hajafa bado!"

"Mimi ni mwamuzi..."

"Nyamaza, Axun!" Hii ilikuwa ya baba, kubwa kuliko zote.

Axun akamgeukia, mikono kiunoni. "Mzee Joanes, unajua kwamba umeshindwa?"

"Najua. Nyamaza."

Ukasoma kurasa mbili zile. Mzee Ganix anauvuta ufunguo chini ya mto. Anasema watoke wote. Kornelio anatoka na jino lake, Agustina anatoka na hesabu zake. Ximona, aliyekuwa ameleta supu, anaweka bakuli na kugeuka naye atoke. "Wewe kaa," anasema mzee. "Nyumba haijui kutoka." Akamtia ufunguo mkononi, na mkono wa Ximona ulikuwa bado na joto la bakuli.

Ukafunga karatasi.

Ikafuata ghasia, Mungu wangu! "Tumeibiwa!" "Ximona? Hajasema neno kitabu kizima!" "Rudisheni kuku wangu!" Praxku akaanza kusema kwamba kwa kweli tangu mwanzo yule ndiye aliyekuwa akimlisha mzee, na Erramuna akamwambia, "Kwenda zako, usijifanye ulijua." Axun akapanda juu ya benchi. "Nani alimwekea Ximona? Ainue mkono." Hakuna. Kornelio watu hamsini, Agustina watu hamsini, Ximona hakuna hata yai. "Basi sheria ni sheria," akasema Axun, "dau lisilo na mshindi linaliwa na wote," na watu waliokuwa wakilia kuibiwa wakaanza kukimbilia kuni.

Baba hakuinuka. Alikuwa anatazama beseni.

"We Bixenta," akasema. "Wewe ulimwekea nani?"

"Sikuweka, baba. Nilikuwa naosha vikombe."

Watu waliokuwa karibu wakaacha kucheka. Baba akaivua kofia, akaigeuza mikononi, akaivaa tena, na tena akaivua. Wewe ulisimama na karatasi zako kifuani.

"Engrazi," akasema, "basi lako ni la asubuhi. Kununa nitanuna, nilikwambia." Kisha akamgeukia dada yako. "Na huyo mchoma makaa wako, Bixenta, bado anasimama getini kwenye mvua?"

"Yuko hapo mlangoni, baba. Aliweka gunia la makaa kwa Kornelio."

"Kumbe hana akili pia." Akajifuta uso kwa kofia. "Mwite aingie, ale na sisi. Na mikono anawe. Nyumba ni yako tangu leo, lakini mezani bado nakaa mimi."

Hivyo ndivyo ulivyoondoka, Engrazi. Asubuhi Bixenta alikusindikiza hadi kituoni, akakuuliza huku basi likinguruma kama ulikipanga kile kitabu tangu mwanzo, kwa ajili yake. Ukacheka, ukapanda, ukachungulia dirishani: "Mimi nimeandika tu, dada. Wenyewe ndio mlioweka madau!" Hakupata jibu zaidi ya hilo maisha yako yote, ingawa alikuuliza kila Krismasi, na hata hospitalini, na hata hospitalini ulicheka.

Pumzika sasa. Riwaya yako ya kwanza imechapishwa mara ya tisa, na wanafunzi wa madarasa ya jioni wamejaa hata tumeazima viti vya kanisa. Misa ya mwaka wako itakuwa Jumapili hii Urbeltza, na baada yake nyote mnaosoma hapa mnakaribishwa Otsolarre kwa maharage meusi, kabichi na jibini. Msiulize kama chakula kitatosha.

Wanaokukumbuka ni mwanao Lorea na mumewe Unax. Dada yako Bixenta, bibi wa Otsolarre. Shemeji yako Matxin, ambaye hadi leo anashikilia kwamba Kornelio alionewa. Wapwa zako Peru na Graxi na watoto wao. Wajukuu wa Axun. Na Urbeltza nzima, nyumba kwa nyumba.

Tutakukumbuka, Engrazi, leo na daima, maadamu Otsolarre ina mtu wa kuwasha moto.